Mama Amegoma Kula Kwangu

Mliokuwa nami tangu mkasa huu uanze mnajua nilipoishia. Aliyeliokota gazeti leo namfupishia: mimi ni Stamili, fundi cherehani wa hapa Newala, na kwa miaka mingi namlea mama yangu mzazi nyumbani kwangu. Tangu msimu wa korosho uishe, Mama amegoma. Sahani yangu haigusi. Chumbani hatoki. Anaishi kwa uji wa jirani yetu Sophia, na mume wangu akikohoa tu kwenye korido, Mama anajifunika kanga gubigubi kama anayesikia baridi.

Ndugu zangu wawili walipopata habari hawakuuliza kulikoni. Kaka yangu Twahiru alipiga simu kutoka Masasi.

"Unamtesa Mama," akasema. "Tunakuja kumchukua. Atakwenda kwa Shakila."

Mimi ndiye mtesaji. Mimi ninayemwogesha, ninayemkata kucha, niliyeacha kushona nguo za sikukuu kwa sababu mlio wa cherehani unamkosesha usingizi. Na Shakila, mdogo wangu wa Nanganga, ambaye mwaka mzima huleta fungu la ming'oko, vile viazi vya porini, na kuondoka na sifa za kijiji kizima, ndiye ageuke mlezi.

Nikamwambia Twahiru haondoki mtu hapa. Kama wanataka kumchukua Mama, basi aje msuluhishi, mtu baki asiyemjua yeyote kati yetu, atusikilize wote. Nilimtafuta mwenyewe. Anaitwa Scholastika, ila watu wote humwita Mama Cuthbert, nesi mstaafu aliyefanya kazi Ndanda hadi nywele zikageuka mvi, na siku hizi kazi yake ni kupatanisha familia zinazogombana juu ya wazee wao. Nilimpigia simu mimi, nikambembeleza mimi. Msomaji, naomba ulikumbuke hilo.

Kabla hawajafika, acha niwaeleze jambo moja, hasa nyie wa mjini mnaokaa na wakwe zenu kochi moja mkigombea rimoti. Kwetu sisi mkwe ni mkwe. Mume wangu Mrisho na Mama hawapeani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anajibanza pembeni mpaka mwenzake apite. Hakuna chuki hapo, ni heshima tu, na Mama ni mtu wa zamani, kwake heshima hiyo imo damuni.

Nilipomleta Mama kwangu, Mrisho alibomoa ukuta wa chumba chake akaweka mlango wa nje, ili Mama atokee uani moja kwa moja mpaka bafuni bila kupishana naye ndani. Majirani walimsifu. Na mimi nilimsifu, tena sana.

Basi siku ya kikao wakafika. Ukungu ulikuwa haujainuka. Twahiru alikuja na Noah yake, kiti cha nyuma kimelazwa na kutandikwa godoro. Nililiona lile godoro kabla sijamwona yeye.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yupo chumbani. Na godoro hilo la nani?"

"La kupumzikia."

"Kwani wewe siku hizi ukiendesha gari unalala?"

Shakila akashuka nyuma yake, macho yamevimba, akanisalimia kwa sauti ya chini mno. Nikajisemea moyoni, huyu analia mapema, anataka ashinde kwa machozi. Mwisho akashuka Mjomba Swalehe, mdogo wake Mama. Huyo ndiye mkubwa wetu. Baba wa mtu anaweza kupiga kelele na kuvunja sahani, lakini kwetu neno la mwisho juu ya watoto wa dada ni la mjomba, nami nilifurahi kumwona kwa sababu tangu utotoni alinipenda.

"Mpwa wangu," akasema, "leo tuzungumze taratibu."

"Mimi sina haraka, Mjomba. Aliyekuja na godoro ndiye mwenye haraka."

Mama Cuthbert alifika kwa bodaboda, mama mfupi, amevaa sweta na viatu vya raba. Alikataa chai. Alisema hanywi chai ya mtu mpaka kazi iishe. Akatueleza taratibu zake akiwa amesimama.

"Nitaongea na kila mmoja peke yake kwanza. Utakachoniambia kitakaa kwangu, sitamwambia hata ndugu yako, mpaka mwenyewe uniruhusu. Halafu tutakaa wote. Humu hakuna kesi na mimi si hakimu. Na mwenye uamuzi ni Bibi, kwa sababu mwili unaogombewa ni wa kwake."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilizipenda sheria zile. Nilizipenda kwa kuwa nilijua Mama akiulizwa mbele ya watu atasema anabaki na mimi.

Akaanza na mimi, jikoni.

"Unataka nini, Mama Jumanne?"

"Mama abaki hapa."

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu. Nimemlea mimi. Nikimwachia Shakila, atakufa."

"Na yeye Bibi anataka nini?"

"Anataka wenzangu waache kumlisha maneno."

"Sijakuuliza wenzako. Nimekuuliza yeye."

Hapo sikumpenda. Nikamjibu kwamba mama yangu namjua, akikunja uso najua anataka maji, akikunjua najua anataka kulala. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimewahi kumuuliza kwa nini hali. Nikasema nimemuuliza mara nyingi na hasemi.

"Ulimuuliza mkiwa wawili?"

"Tukiwa wawili, tena nikiwa nimeshika kijiko."

Akatikisa kichwa, akaniambia nimwite Twahiru.

Twahiru hakukaa sana. Shakila alitoka akifuta kamasi. Mjomba alicheka kidogo huko ndani, kisha akanyamaza. Halafu Mama Cuthbert akaingia chumbani kwa Mama na mlango ukafungwa.

Alikaa humo muda mrefu. Chai ya Twahiru ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Mama yangu ambaye hanipi mimi neno, nilimsikia kupitia mlango, anaongea kwa Kimakonde chake cha haraka, anaongea mfululizo. Maneno sikuyapata. Niliisikia tu ile sauti, nikaona wivu. Sioni haya kulisema.

Mama Cuthbert alipotoka hakunitazama. Akapita mbele yangu, akaenda nyuma ya nyumba alipokuwa Mrisho anapasua kuni, wakaongea. Akarudi kwa Mama. Kisha akaenda tena kwa Mrisho.

Sasa nikashtuka. Mrisho si mtoto wa ukoo wetu. Katika ugomvi huu wa nani amlee Mama, yeye ni shemeji tu. Kwa nini aongee naye mara mbili, wakati mimi mwenye mama ameongea nami mara moja?

Nikamfuata kwenye kuni.

"Baba Jumanne, amekuuliza nini yule?"

"Ya kikao."

"Ya kikao yapi?"

"Stamili, subiri kikao."

Mume wangu akiniita Stamili badala ya Mama Jumanne, ujue kuna jambo. Nikarudi barazani.

Kwa kuwa Mama na mkwe wake hawawezi kukaa mkabala, Mjomba alifunga kamba akatundika shuka katikati ya baraza. Upande huu tukakaa sisi mkekani, Mama akiegemea mto na fimbo yake pembeni. Upande wa pili wa shuka akakaa Mrisho kwenye kigoda. Tuliona vidole vyake vya miguu tu.

Twahiru ndiye aliyeanza. Akasema Mama amekonda. Akasema Mama anafungiwa ndani. Akasema watu wa Masasi wanamuuliza maswali msikitini na yeye hana jibu.

"Watu wa Masasi wanamjuaje Mama kakonda?" nikauliza. "Wewe mwenyewe mwaka huu umekuja mara ngapi? Au waliota?"

"Stamili, chakula chako anakikataa. Sema basi kwa nini."

"Muulize Shakila. Alikuja hapa wakati wa kuokota korosho, nikamwachia Mama, nikaenda shambani. Niliporudi Mama amebadilika. Umemwambia nini Mama, Shakila? Kwamba natia dawa kwenye mboga?"

Shakila akainama.

"Nimekuuliza. Umemlisha maneno gani?"

"Dada, sijasema kitu."

"Basi nani kasema?"

Nikatazama uso mmoja baada ya mwingine, na nikakiona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu godoro. Walikuwa wananionea huruma. Twahiru mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, alikuwa anakuna shingo na kutazama ukuta. Walijua jambo, na mimi peke yangu ndiye sikulijua.

Mama Cuthbert akamgeukia Mama.

"Bibi, ulisema hutaki litoke mdomoni mwako. Unaruhusu mdogo wako alitoe?"

Mama akavuta kanga mpaka puani. Akaitikia kwa kichwa.

Mjomba Swalehe akakohoa. Alizungumza akitazama mkeka.

"Mpwa wangu, siku ile ya korosho mama yako alianguka bafuni. Alikuwa anaoga. Nyonga ikagoma, hakuweza kuinuka. Akaita, hakuna mtu. Majirani wa karibu wote mashambani. Ikatokea mumeo amerudi kuchukua magunia. Akasikia. Akaita watu, naye hakupata mtu. Ndipo akaingia."

Akaushika ukingo wa mkeka.

"Akaingia, akamfunika shuka, akambeba mpaka kitandani."

Nikatazama vidole vya miguu chini ya lile shuka. Vilikuwa vimekunjamana.

"Mkwe amembeba mkwe," Mjomba akasema. "Tena akiwa hana nguo. Basi ndiyo hiyo habari."

Jamani, nikakumbuka jinsi msimu ule nilivyokuwa namkanda Mama nyonga kwa maji ya moto, namuuliza, Mama umefanyaje, ananiambia amelalia vibaya. Na Mrisho yuko korido, anasikia namuuliza, anapita zake.

"Ndiyo maana huli?" nikamuuliza Mama.

Akajibu kutoka ndani ya kanga. "Nitakulaje ugali wa mtu aliyeniona?"

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Nikanyanyuka, nikazunguka lile shuka. Mrisho alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe," nikamwambia, "nalala na wewe kitanda kimoja."

"Aliniapisha."

"Nani?"

"Mama mkwe. Alilia, akaniapisha nisikwambie. Ningefanyaje? Nimeshamvunjia heshima moja, nimvunjie na ya pili?"

"Ukaniacha naitwa mtesaji na ndugu zangu. Ukanisikia nagombana na Twahiru kwenye simu, nikilia, ukageukia ukutani."

"Stamili, nilikuwa na aibu. Kila nikila nyumbani humu naona yeye hali. Mimi pia chakula hakishuki."

Niliumia, na niseme wazi nilichoumia. Sikuumia kwa yeye kumbeba Mama. Kwa hilo ningemshukuru mpaka nakufa, asingeingia mama yangu angekaa pale sakafuni kwenye baridi mpaka jioni. Niliumia kwamba nilikuwa napika, napakua, napuliza kijiko, mbele ya watu wanaojua kwa nini hakiliwi, na kila mmoja akaniacha niendelee kupuliza. Mume wangu alinisaliti kwa ukimya, na mama yangu vivyo hivyo. Hasira ilinipanda.

Halafu ikanijia. Bafuni. Mama alikuwa peke yake bafuni.

Nikarudi upande wa pili.

"Shakila, wewe ulikuwa wapi?"

Mdogo wangu akaanza kuchokonoa mkeka.

"Nilimwacha Mama kwako. Nilikwambia asiende bafuni peke yake. Ulikuwa wapi?"

"Nilimtuma mimi," Mama akasema haraka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia sauti yake ikiwa na nguvu. "Nilimtuma dukani."

"Dukani kununua nini?"

"Nilimtuma mimi, Stamili. Basi."

Sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Hakutumwa."

Sote tukageuka. Mjomba akamwambia Mrisho anyamaze, yeye ni mkwe, ya watoto wa dada hayamhusu. Mama Cuthbert akainua kiganja kidogo, akasema, "Mwache. Amebeba mengi."

"Nilipomlaza mama mkwe nilikwenda kumtafuta Shakila," Mrisho akasema. "Nilimkuta mtaa wa pili, kwenye ngoma ya kumtoa mwali. Yuko katikati, anacheza, jasho linamtoka. Nikamvuta pembeni nikamwambia mama yako ameanguka. Akanipigia magoti nisimwambie dada yake. Mama mkwe naye akaniapisha. Nikawa nimefungwa pande zote mbili. Leo imetosha."

Msomaji, fikiria ungekuwa wewe. Mtoto aliyemwacha mama yake akaenda kukata kiuno ngomani, ndiye analetewa mama kama zawadi, kwa Noah, kwa godoro. Na mimi niliyekuwa juani naokota korosho za kumnunulia huyo mama maji na sukari, naitwa mtesaji.

Nilisema maneno. Mengine hayaandikiki kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Twahiru alijaribu kunikatiza, nikamwambia afunge mdomo, na alifunga. Shakila alilia bila sauti. Mama Cuthbert hakunizuia. Aliniacha nikasema mpaka pumzi ikaniishia, ndipo akasogea akakaa karibu yangu mkekani.

"Umemaliza?"

"Bado, ila nimechoka."

"Basi pumzika kidogo, usikie. Aliyekosa tumeshamjua, na kumjua hakumpi Bibi usingizi wala hamu ya kula. Mimi nauliza kitu kingine. Kifanyike nini ili Bibi akae nyumba hii bila haya?"

Swali lile lilinirudisha duniani. Bado kuna njia. Mama anaweza kubaki. Mimi hilo tu ndilo nililolitaka tangu asubuhi.

Mjomba akasema kwa desturi ya ukoo wetu aibu ya mkwe inaoshwa. Mrisho atoe kuku na kanga mpya, Mjomba amkabidhi Mama, Mama azipokee, na tangu hapo neno hilo halitajwi tena.

"Nitoe faini kwa kumwinua mtu aliyeanguka?" Mrisho akauliza nyuma ya shuka.

"Hutoi kwa kumwinua," Mjomba akamjibu. "Kwa kumwinua sisi ndio tunaokushukuru. Unatoa ili mama mkwe wako aweze kupita ulipo bila kutamani ardhi impasukie."

Mrisho akasema, "Nitatoa leo hii. Na kama haitoshi, nitajenga chumba cha pembeni. Nitalala huko mimi. Nyumba wabaki nayo wanawake."

Hapo machozi yakanitoka. Hasira juu yake ilikuwa bado ipo, lakini machozi yalinitoka. Twahiru akasema kama ni hivyo yeye hana neno. Shakila akatikisa kichwa kukubali kabla hajaulizwa, akakubali upesi mno. Mjomba akacheka. Mama Cuthbert akasema, "Sasa aseme mwenyewe."

Nikamgeukia Mama, nikamsogezea mto vizuri. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa tayari nawaza nimpikie nini mchana ule, kisamvu cha karanga, anakipenda.

Mama akashusha kanga usoni.

"Nakwenda na Shakila," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Mama, aibu imeoshwa. Baba Jumanne atatoa kuku."

"Kuku nitampokea. Nimemsamehe mkwe wangu, na nimemshukuru. Lakini nakwenda na Shakila."

"Shakila alikuacha."

"Aliniacha."

"Ulianguka kwa sababu yake. Ungekufa."

"Najua nilivyoanguka, Stamili. Nilikuwepo."

Mama Cuthbert akamuuliza taratibu kama angependa kueleza. Mama alifikiri. Alinitazama machoni, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi.

"Wewe unanilea kama mgonjwa," akasema. "Nikimeza, unatazama koo. Nikienda chooni, unasimama mlangoni. Nikiamka usiku, taa inawaka. Sijawahi kukaa peke yangu katika nyumba hii isipokuwa siku ile. Nilipojua Shakila ametoka, nilifurahi. Nikasema leo naoga mwenyewe, kwa raha zangu, nikiimba. Niliimba, Stamili. Halafu nikateleza."

Akaivuta fimbo yake karibu.

"Shakila ni mzembe, najua. Nimemzaa mimi. Akinisahau, nitajipikia. Nikishindwa, nitaita watu wa barabarani, Nanganga watu wanapita mchana kutwa. Kwako mimi naogopa hata kukohoa, maana utakuja."

Nilitaka kumwambia, Mama, hiyo ndiyo kazi ya mtoto. Nilitaka kumwambia nyumba yangu yote, ndoa yangu, cherehani yangu, nimevipanga kuzunguka pumzi zako.

Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Mama hakunitukana. Aliyasema yale kwa upole, mbele ya mdogo wangu na kaka yangu na mgeni niliyemleta mwenyewe, na kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusalitiwa vile.

"Na jambo jingine," Mama akasema. "Usinifuate Nanganga. Nitakuita. Nisipokuita, usije."

Mama Cuthbert akatuuliza mmoja mmoja kama tumesikia na tunakubali. Akaniuliza mimi mwisho. Sheria zake nilizipenda asubuhi, mwenye uamuzi ni Bibi. Nikasema nimesikia. Akaniuliza kama nakubali. Nikasema nimesikia.

Twahiru na Mjomba wakamshika Mama wakampeleka kwenye gari. Nikakunja kanga zake, nikafunga sufuria yake ndogo anayopenda, nikaweka dawa zake za presha mahali zitakapoonekana. Mikono ilifanya yenyewe. Mrisho alisimama nyuma ya nyumba mpaka Mama alipokwishaingia, heshima yake hiyo hiyo, na sikuwa na hamu ya kumtazama.

Nilipoupeleka mzigo, Shakila alikuwa ananingoja nyuma ya gari. Akanishika kiwiko, akanivuta hadi kwenye kona ya ukuta.

"Dada, mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumchukua Mama. Siwezi. Sitaki. Naogopa."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Si umekubali mbele ya Mjomba?"

"Twahiru alijua ya ngoma. Mama alimwambia Mjomba ya kuanguka, Mjomba akamwambia Twahiru, na Twahiru akanibana mpaka nikamwambia nilikokuwa. Mke wake hataki kusikia habari za kumlea Mama. Twahiru akaniambia nikimchukua Mama, atanyamaza. Nisipomchukua, ataniaibisha mbele yako na ya ukoo mzima. Nikakubali kwa kuogopa. Sasa imeshasemwa. Sina tena cha kuogopa isipokuwa yeye. Nilipomkuta pale kitandani siku ile, dada, nilidhani amekufa. Kila nikifumba macho namwona. Nikipewa Mama nitakimbia nyumba, wallahi nitakimbia."

"Mwambie basi."

"Nitamwambiaje? Umesikia alivyosema. Kanichagua mimi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwambie wewe. Wewe unaweza kumwambia chochote. Sema tu hataondoka, mshushe, nitakusujudia."

Nikasimama na sufuria mkononi. Neno moja tu, na Mama angeshuka kwenye lile gari akarudi chumbani kwake. Lakini angerudi akijua kwamba mtoto aliyemchagua hamtaki, na angekaa kwangu kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Nikinyamaza, atakwenda Nanganga kwa mtu ambaye ameapa kwamba atamkimbia.

Kioo cha Noah kikashuka. Mama akatoa kichwa, amefunga kilemba chake kizuri, yule niliyemzoea kabla ya korosho, ameanza hata kutabasamu.

"Stamili," akaita, "Shakila anakwambia nini huko?"

Twahiru akazima injini. Mjomba akageuka kwenye kiti. Mama Cuthbert, aliyekuwa anavaa kofia ya bodaboda, akaishusha mkononi akasubiri. Shakila alikuwa bado ameng'ang'ania mkono wangu, kucha zimeniingia ndani ya ngozi.

Nikasogea mpaka dirishani, nikainama, nikamjibu Mama: "Muulize mwenyewe, Mama, safari hii simsemei mtu."